Sauti iliyomtangulia Luhende ukweni

Saa nane mchana, Jumamosi, jua la Bariadi limelala juu ya bati, na ndani ya kibanda umiza, ukumbi wa filamu wa mtaani, watu wamebanana kwenye mabenchi, wengine wana karanga mapajani. Kwenye skrini roketi inawaka moto mkiani. Pembeni, nyuma ya kipande cha mbao, Luhende Selestini anapunguza sauti ya Wakorea wa kwenye filamu, anavuta maiki na kuanza kazi.

"Hapa jamaa anawaaga ndugu zake. Anawaambia, naenda kwenye nyota. Mvua zikichelewa msije kunisingizia mimi."

Kibanda kinacheka. Kisha anatokea mwanamke mwenye koti jeupe, anaongea kwa kirefu, machozi yanamlengalenga. Luhende ananyamaza. Anaendelea kunyamaza mpaka mwanamke amalize na kuondoka.

"Tafsiri, bwana," anadai mtu wa mbele. Mwingine kutoka nyuma anasema bora iwekwe ile ya mama mkwe, na anamtaja mama huyo kwa jina. Kicheko kinachofuata ni kikubwa kuliko kile cha roketi. Luhende anainamisha kichwa, maiki ameiteremsha pajani.

Jina hilo halitaandikwa hapa. Luhende ameomba hivyo, na ukimsikiliza huwezi kumkatalia.

Ana umri wa miaka thelathini na sita. Aliishia darasa la saba, akauza maji, akabeba marobota ya pamba, na mwaka wa kumi sasa anatafsiri filamu. Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Kikorea na Kichina hana hata neno la kusalimia. Wateja wake wanalijua hilo na hawajali, kwani kinachowatoa majumbani na shilingi mia tano ya kiingilio ni mdomo wake. Siku nzuri huondoka na elfu kumi, siku mbaya na koo linalouma.

Ufundi wake ni kuleta mbali karibu. Chombo cha anga ni lori la pamba lisilohitaji barabara. Roboti ni mtu wa bati asiyekula ugali, kwa hiyo hana sababu ya kuiba. Na kila mhusika hupewa jina la hapa.

"Ukimwita jina lake la huko kwao, watu wanasinzia," anasema. "Mwite Deogratias, wanaanza kumhurumia."

Mdomo huohuo ndio ulioponza kichwa.

Msimu uliopita wa pamba aliletewa filamu ya mhandisi anayeingia kwenye lifti na kujikuta amerudi nyuma miaka arobaini. Akijua wengi kibandani hawajawahi kupanda lifti, aliwaambia ni jineri, ila badala ya kuchambua pamba inachambua umri: unaingia na miaka yako, mbegu zinabaki upande mmoja, wewe unatokea upande wa pili kijana mbichi. Walimpigia makofi. Kichwa kikavimba.

Mhandisi akakutana na binti mwenye kikapu, amesimama getini, anasema naye. Maandishi ya chini ya Kiingereza yakapita mbio, Luhende hakuambulia kitu. Akaona mtafsiri hawezi kukaa kimya. Akasema binti yule ndiye atakayekuja kuwa mama mkwe wa mhandisi, akampa jina la mama mkwe wake mwenyewe, halafu akamfanya mhandisi amtongoze. Akayasifia mapaja. Akamalizia na mhandisi kulalamika kwamba angewahi kufika angemwoa mama, binti angemwachia mwingine. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika.

Ukweni kwa Luhende, huko Kasoli, desturi ya Wasukuma bado inashikwa kwa mikono miwili. Mkwilima, yaani mwanamume aliyeoa binti yao, hakai chumba kimoja na mama mkwe, hali naye chakula, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Jina la mama mkwe halitamki, hata kwa kuulizwa.

"Nilijidanganya," anasema. "Niliona nikishika maiki mimi si mkwe wa mtu. Ni mtu wa filamu tu."

Hakuwaza kwamba mafundi wa simu hurekodi sauti yake na kuirusha kwenye memori kadi za wateja. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imefika Kasoli, ikafunguliwa kwenye spika ya mtu nje ya ghala la chama cha msingi cha wakulima, siku ya kupima pamba. Mama mkwe wake, mjane na mwanakwaya wa siku nyingi, alikuwa kwenye foleni na kiroba chake. Akaitambua sauti. Akasikia jina lake, kisha akasikia mapaja. Wanawake wenzake waliangalia chini. Aliacha kiroba palepale, hakijapimwa, akarudi nyumbani.

"Mama hakulia wala hakugomba," anasimulia Veronica, mke wa Luhende. "Angegomba ningeshukuru. Alinipigia akasema, 'Mume wako amenivua nguo mbele ya mizani.' Akakata simu."

Miezi mitatu baadaye Veronica alijifungua. Katika ukoo wao bibi mzaa mama ndiye huja kumwogesha mtoto na kumpa jina la nyumbani. Bibi hakuja. Mtoto sasa anakaa mwenyewe na ameota meno mawili, lakini nyumbani anaitwa Mtoto. Majirani wakiuliza jina, Veronica husema bado wanafikiria, halafu huona haya kwa kusema uongo.

Luhende alimtuma mjomba wake, Mzee Bujiku, na mbuzi. Mzee alipokelewa, akalishwa wali na kuku, akarudishwa na mbuzi wake. Ujumbe ulikuwa mfupi: aliyemtukana si mjomba wala mbuzi, ni sauti, na sauti hiyo iko wapi?

Hapo Luhende akakwama. Desturi aliyoivunja ndiyo hiyohiyo inayomzuia kwenda kusimama mbele ya mama yule na kuomba radhi kwa kinywa chake.

Fedheha haikuishia hapo. Jirani yake Ikupa, afisa wa serikali mwenyeji wa Mbeya aliyehamishiwa Bariadi, aliitazama filamu ile kwake, akasoma maandishi. Luhende akamuuliza yule binti wa kikapu alikuwa anasema nini.

"Anamuuliza kama amekula," Ikupa alimjibu. "Anamwambia mgeni hapiti nyumba na njaa."

"Nililala macho wazi," anasema Luhende. "Kumbe nilimtukana mama wa Kasoli, na yule wa kwenye filamu pia nikamchafua. Wote wawili hawakuwa na baya." Ndiyo maana siku hizi mwanamke akianza kuongea kwenye skrini, Luhende hunyamaza.

Mwezi uliopita aliona njia. Akaamua radhi ipite barabara ileile tusi lilikopita. Akawaambia mafundi warekodi, na kabla ya filamu kuanza akashika maiki, akasema amekosa, akasema yeye ni mtoto na mama amsamehe. Na ili ijulikane anamwomba nani, akamtaja jina.

"Likatoka," anasema, akiufunika uso kwa viganja. "Mdomo umezoea. Nililisikia likiwa tayari limeshatoka."

Jumatatu jina lilikuwa limeshafika Kasoli. Hata radhi yenyewe watu waliicheka. Kuna waliotia mdundo chini yake, na sasa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, Luhende akiomba radhi kwa kufuata ngoma. Mama mkwe alimpigia Veronica: amwambie mumewe amesikia, na asimwombe radhi tena.

Luhende ameacha kutafuta maneno. Pamba ya Kasoli imepasuka, shamba la mama ni kubwa na wavunaji ni wachache. Joakim, kaka yake Veronica, ametuma habari kwamba upande wa mbali, kule mkwe anakoweza kuingia bila kukutana na mwenye shamba, haujaguswa. Keshokutwa Luhende atafunga kibanda na kwenda kuvuna mpaka paishe.

"Akinifukuza nitaondoka," anasema. "Akiniacha, nitamaliza. Sitafungua mdomo."

Veronica atakwenda naye, mtoto mgongoni. Yeye hana mwiko na mama yake, lakini naye amekata shauri la kutomwombea mume msamaha.

"Mtoto nitamkalisha uani, mahali mama atakapomwona," anasema. "Mimi nitaingia shamba. Akimwita, tutajua anaitwa nani."