Kata ya Bibi Niliyomwandikia Babu

Kosa ni langu, na naandika upesi kabla aibu haijanishika nikafuta.

Niko kidato cha tatu, nimezaliwa Moshi mjini. Kichagga nasikia "njoo", "kula" na matusi mawili matatu. Binamu zangu wa kijijini Uru wananicheka, "Huyo mzungu wa stendi!" Kwa hiyo nimezoea kutikisa kichwa kana kwamba naelewa.

Basi akaja Mama Shirin. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini. Yeye akasomea historia ya sanaa ng'ambo, akaongoza makumbusho makubwa huko hadi kustaafu. Sasa amerudi kufungua makumbusho yake madogo. Aliniambia kitu kilichomkera maisha yake yote kazini: vibandiko vya "mchongaji hajulikani".

"Anajulikana! Ni vile tu hakuna aliyeuliza."

Akamwomba bibi yangu kata yake ya kuchotea mbege, pombe yetu ya ndizi, ile ya mti yenye mpini kama shingo ya ndege. Akamrekodi kwa simu. "Bibi, sema kwa lugha yako. Mjukuu ataniandikia kwa Kiswahili."

Mjukuu akatikisa kichwa!

Nyumbani nilisikiliza rekodi aliyonitumia mpaka simu ikapata moto. Nilidaka jina la babu tu. Mama yangu anayekijua Kichagga yuko jikoni, anamenya ndizi! Sikumuuliza. Nikaandika: marehemu babu aliichonga, akampa bibi siku ya harusi. Mama Shirin alisoma akafuta machozi. Jamani!

Siku ya ufunguzi akakisoma kibandiko mbele ya watu. Bibi akauliza, "Nani kasema hivyo?"

Akainyooshea kata kidole.

"Nimeichonga mimi. Mume wangu ndiye aliyewaambia watu ni kazi yake, nisichekwe, mwanamke kushika tezo na kuchonga. Nimezeeka, nikaona sasa niseme. Na nilisema!"

Mama Shirin akakibandua palepale. "Hata mimi nimemfuta mchongaji," akasema. Akanitazama. Nikatazama viatu. Hata samahani ilinishinda!

Jina la bibi limeshawekwa. Lakini zamani bibi alikuwa akinisemesha Kichagga tu, hata nikijibu Kiswahili. Jumapili nilipanda Uru kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu ukae. Habari za masomo?"

Kiswahili safi, kama anampokea mgeni wa parokia. Bora angenichapa!

Wewe unayetikisa kichwa kwa usichokielewa, sema hujaelewa. Wacha wakucheke, watachoka. Mimi sasa kwa bibi yangu mwenyewe nakaribishwa kiti.