Kumulikia jua

Mutu anawasha taa saa sita ya muchana, mutamuita nani?

Wiki iliopita, kule Ruziba kando ya ziwa, nilikuwa namupiga mama mukwe picha na kamera yangu ya filimu. Kofia ilimutia uso kivuli. Nikawasha flashi.

Akapasuka kicheko: "We mukwe, unamulikia jua?"

Watu wote wakanicheka! Mi nikabonyeza tu.

Leo picha zimesafishwa. Ya bila flashi: kofia, na chini yake giza. Ya flashi: macho, meno yote, kicheko kizima. Yeye mwenye kukazaka uso kama wa picha ya carte d'identité, ya kitambulisho! Angalieni wenyewe 😂

Mama mukwe ameishika hiyo ya flashi, anaiangalia muda murefu. Halafu, pole pole:

"Dimanche tuko na misa. Ukuje na jua yako."