Mwamuzi Aliyetazama Vidole

Sheshe, mchezaji wa Lushoto, alimpenda mwamuzi yule kwa sababu, watu wote wakiukodolea macho mpira wa kikapu, yeye alitazama vidole. Mstari wa kati aliuchora mwenyewe kwa chokaa: mpira ukishauvuka, timu yako hairuhusiwi kuurudisha nyuma, ila mpinzani akiugusa. Dakika ya mwisho pasi ya Sheshe ikarudi nyuma ya mstari. Wachezaji wa Bumbuli wakadai kosa. Hata Bwana Shauri, kocha wa Lushoto, akatikisa kichwa kitini pake. Mwamuzi akamsogelea mlinzi wa Bumbuli, akauliza taratibu, “Francis, kidole kinauma?”

Francis akainamisha uso. “Kinauma, mwalimu.”

“Mpira wa Lushoto.”

Sheshe akafunga. Vigelegele vikapanda mpaka milimani, na mwamuzi alikuwa ameshainama, anaurudishia chokaa mstari wake.