Nafasi ya Mume Iko Wazi

Iko siku moja, mwanangu, hata nikiambiwa niisahau siwezi. Ni siku niliyosoma barua ya mume wangu mbele za watu. Kaa hapo kwenye mkeka nikuhadithie, na hilo begi liweke pembeni, halitakimbia. Umesema unarudi kwa mama yako, nimesikia. Utakwenda jua likipoa. Mie nimehamia Boko hii ikiwa pori, na kabla ya hapo nilikaa Mwananyamala, na kote huko sijaona ndoa iliyoharibika kwa kungoja chai iive.

Haya, simu yako umenionyesha. Mumeo yuko mikoani, serikali imempeleka kupima viwanja, na mie na miwani yangu nimesoma anavyokuandikia. "Luku ipo?" "Gesi vipi?" "Sawa." Halafu kidole gumba. Unasema, Bibi, mwanaume wa kunitumia kidole gumba hanipendi, mie kwake ni mita ya umeme. Sikukatalii. Lakini ngoja kwanza usikie ya babu yako Selemani, ambaye enzi zake vidole hivyo havikuwepo. Vingekuwepo, angevituma kwa gunia.

Babu yako alikuwa mkaguzi wa mizani. Serikali ilimzungusha mikoani kukagua mizani ya madukani na ya vituo vya kununulia pamba, maana hali ilikuwa ngumu na wenye mizani walikuwa wanatunyonya mpaka basi. Nyie mkikosa sukari duka hili mnavuka barabara. Sie tulikuwa tunapanga mawe kwenye foleni. Unaliacha jiwe lako mahali pako, unakwenda kupanga jingine kwenye foleni ya sabuni. Siku nyingine unaiona foleni tu unaingia, ukishasimama ndipo unamuuliza wa mbele kinauzwa nini. Tulikula unga wa njano uliokuja kwa meli, tukauita yanga, na nguo tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Khanga mpya ilikuwa kitu cha kuazimana, ikienda harusini inarudi na shukrani.

Tulikuwa ndio kwanza tumeoana, na nilikuwa na mimba ya huyo mama yako unayemkimbilia. Selemani akapata safari ya Kanda ya Ziwa, safari ndefu. Nikamkaangia vitumbua, nikamfungia kwenye khanga yangu nzuri, ya pekee niliyokuwa nayo. Akaniaga kwa kunishika mkono, kama kiongozi aliyekuja kufungua zahanati. Nikajipa moyo. Nikasema wako wanaume mdomo mzito lakini kalamu nyepesi. Na mie na kimdomo changu hiki, nikawatangazia wapangaji wenzangu wote kwamba barua ikija nitaisoma uani, wasikie mtu anavyopendwa. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na debe lenyewe lilikuwa mie.

Barua ikaja. Waliokuwa wanasukana wakaacha. Shoga yangu Tabu, wa chumba cha pili, akaleta kigoda chake akakaa mbele kabisa. Nikakohoa kidogo, nikafungua, nikasoma:

"Kumb. Na. NYB/1. Yah: Matumizi ya Sabuni. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Unaarifiwa kwamba mche wa sabuni uliopo chini ya kitanda ni wa kuogea wewe peke yako. Nguo zifuliwe kwa majani. Nakutakia utekelezaji mwema. Wako katika ujenzi wa taifa, Selemani, Mkaguzi. Nakala: Jalada."

Tabu akauliza taratibu, "Jalada ndio nani tena?"

"Faili," nikamwambia.

"Faili la nani?"

"Langu, nadhani."

Tabu akanitazama kwa huruma. "Shoga, wewe umeolewa au umeandikishwa?"

Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mie niliingia ndani nikajifungia, uso unawaka. Na zile barua hazikukoma. Ikaja nyingine, Yah: Katazo la Kusimama Foleni. Ikaja Yah: Ulaji wa Mayai. Nikipita kisimani wanawake wananiuliza, "Mwajuma, leo umeelekezwa nini?" Nilivumilia, kwa sababu mvumilivu hula mbivu, lakini ikaja ile ya mwisho, ya kujifungua. Ilikuwa na maelekezo ya ndoo, ya khanga kuukuu, ya mkunga, na chini kabisa ikaandikwa: "Iwapo nitachelewa kurejea, suala la jina la mtoto litajadiliwa."

Litajadiliwa. Mtoto yuko tumboni mwangu ananipiga mateke, baba yake anataka kikao.

Nikachukua karatasi. Fomu ya barua ya serikali nilikwishaijua kwa moyo, mwalimu wangu si ndiye yeye. Nikaandika: "Yah: Tangazo la Nafasi ya Mume. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Nafasi ya mume katika nyumba hii iko wazi, kwa kuwa aliyepo haonekani kazini. Sifa za mwombaji: awe na mdomo, na awe anautumia. Wako katika ujenzi wa nyumba, Mwajuma. Nakala: Mama Mkwe, Temeke. Mjumbe wa Nyumba Kumi." Na kwa kuwa mwenye hasira hana breki, barua nikaitia posta, na zile nakala nikazinakili kwa mkono nikazipeleka kweli.

Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Mjumbe wetu alikuwa Mzee Pazi, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, anayependa taratibu kuliko chakula. Aliisoma nakala yake, akavaa koti, akaja uani na barua ya maombi. Mwanangu, kaambatanisha mpaka uzoefu. Kaandika kwamba alikaa na mke miaka mingi na marehemu hakuwahi kulalamika.

Nikapiga goti. "Shikamoo mzee wangu. Ile ilikuwa mzaha tu."

"Marahaba. Mzaha una nakala?" akaniuliza. Akakaa, akasema atasubiri majibu, na kila baada ya siku kadhaa akawa anapita kufuatilia. Tabu akawa anamwekea kigoda.

Huyo nilimstahimili. Lakini akashuka mama mkwe wangu kutoka Temeke, na kapu, na mkeka wake, na jogoo kwapani. Barua alisomewa na mwalimu wa madrasa, baraza limejaa watu. Nikampokea kapu, nikamwamkia, akaitikia puani. Kakaa, kavuta pumzi, akasema, "Nimesikia mwanangu kafukuzwa. Nimekuja kukabidhiwa vitu vyake."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nikawaza, mtu anayetoa amri ya sabuni kwa kumbukumbu namba, talaka ataiandikaje? Ataiandika vizuri sana. Mstari mmoja, na nakala jaladani. Nikamwona mama yako anazaliwa hana baba kwa sababu ya ulimi wangu usio na mfupa. Nilikuwa nampenda yule mwanaume, mwanangu, wee usione namsimanga. Nilikuwa nampenda hata hasira zile zilikuwa ni hizo hizo za kumpenda. Nikawa nikimwona mtu amebeba bahasha tu, nakimbilia ndani.

Mama mkwe akatafuna tambuu yake, ananitazama. Halafu akasema, "Mie sijui kusoma. Nisomee hizo barua zake, nijue mwanangu kakosa nini."

Nikazitoa chini ya godoro. Nikaanza kusoma kwa kumwigiza, sauti ya kiofisi, "Tafadhali husika na somo..."

"Hayo ya serikali ruka," akanikatiza. "Anasema nini?"

"Anasema sabuni nioge peke yangu."

"Na yeye huko anaogea nini?"

Nikashika nyingine. "Anakataza nisisimame foleni, nimwombe Tabu anishikie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mimba."

"Haya. Nyingine."

"Mayai yote nile mie. Kasema akirudi asikute hata moja."

Akatema tambuu kwenye kopo, akajifuta mdomo. "Sasa nambie. Wewe ulikuwa unamwandikia nini?"

Nikakumbuka barua zangu, mwanangu, na nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa naandika, unga umekwisha. Mafuta ya taa hakuna. Kibiriti hakuna. Na ile khanga yangu niliyofungia vitumbua, irudishe.

"Ulimwambia umemkumbuka?" akauliza.

"Nilimwambia kibiriti hakuna, mama."

Akanitazama weee, mpaka jogoo akawika. "Basi wewe ni duka, na yeye ni ofisi," akasema, "halafu mnashangaa hakuna nyumba. Huyu mtoto wangu alifundishwa kuandika kwa bakora, akafundishwa barua ya kuombea kazi. Nyingine haijui. Wewe unayeijua unamfichia nini? Mficha uchi hazai, na wewe tumbo hilo hapo, ushachelewa kuona haya."

Nililia kwa aibu. Nikaichukua kalamu nikamwandikia Selemani barua ambayo haikuwa na somo wala namba. Nikamwambia nimemkumbuka, nikamwambia nimekosea, nikamwambia yale mayai nikiyala yananikwama kwa sababu hayupo. Lakini kabla sijaipeleka posta, ikaja ya kwake. Bahasha nyepesi mno.

Nikampa mama mkwe. "Fungua wewe, mama."

"Nikifungua mie nitaona nini? Fungua."

Nikafungua, nikasoma kwa sauti. Na Mzee Pazi alikuwepo, amekuja kufuatilia.

"Yah: Maombi ya Nafasi ya Mume. Tafadhali husika na tangazo lako. Naomba kuajiriwa katika nafasi iliyotajwa. Sifa: mdomo ninao, ila haujazoea kazi. Uzoefu: nimewahi kushika nafasi hiyo hiyo na sikuifanya vizuri. Niko tayari kufundishwa. Nitafika kwa usaili kwa treni ya kwanza nitakayoipata. Mwombaji, Selemani."

Na chini ya hapo, kwa penseli, mwandiko umepinda kama wa mtoto, palikuwa na maneno mengine. Hayo sikuyasoma kwa sauti. Aliandika: "Mwajuma, khanga yako najifunika mie kila siku. Sijaifua. Hii haina nakala."

Mama mkwe akauliza, "Mbona umenyamaza?" Nikamwambia imekwisha. Akacheka peke yake, akaniambia siku akifika mwanawe nimchinjie yule jogoo.

Alifika Selemani, vumbi mpaka kwenye nyusi, khanga yangu kaikunja kwapani, na kweli ilikuwa haijafuliwa. Akasimama mlangoni hajui aanze vipi. Mwisho akasema, "Mwajuma, nimerudi." Maneno mawili, na yalimgharimu kuliko barua zote. Mie nikamalizia yaliyobaki, maana mdomo wangu unaujua. Halafu akamgeukia Mzee Pazi, aliyekuwa amekuja kufuatilia kama kawaida yake, akamwamkia kwa adabu zote, akamwambia, "Mzee wangu, nafasi imejazwa. Lakini barua yako tumeiweka kwenye jalada." Mzee Pazi akamshukuru, akavaa koti lake, akaondoka na mguu wa kuku. Mama yako alizaliwa baba yake yuko nje ya mlango, na jina tulilijadili pale pale, kikao hakikumaliza hata dakika moja.

Hakubadilika akawa mtu wa mashairi, nisikudanganye. Hata leo jumba bovu hili la Boko ukiingia jikoni, chini ya kopo la sukari utakuta kijikaratasi. Akienda Buguruni kununua nazi, huandika: "Yah: Safari ya Sokoni." Na pembeni, kwa penseli, kuna kitu ambacho si chako kukisoma. Muone pale barazani, anajifanya amelala, anasikia kila neno.

Sasa lete simu yako tena. Usinionyeshe ya mumeo, nimekwishayaona. Nionyeshe ya kwako wewe. Haya, soma mwenyewe. "Luku imeisha." "Gesi imeisha." "Tuma ya saluni." Unaona? Duka limefunguliwa Boko, ofisi iko mikoani.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wako watu mapenzi yao hayajui kuvaa nguo nzuri, yanakuja na kaptura ya kazi, na ukiyangoja yaje na suti utayafukuza mlangoni. Mtu anayeuliza gesi vipi akiwa porini, anauliza kama umekula. Ruka ya serikali, sikiliza anasema nini. Na lile unalolitaka kwake, anza kumpa wewe, maana hakuna aliyezaliwa anajua, sote tunafundishana humo humo ndani. Akishafundishwa akakataa, hapo njoo tena na begi lako, mie mwenyewe nitakusindikiza mpaka kwa mama yako, na nakala nitampa mjumbe.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba isiyo duka wala ofisi. Akujaalie mume wa kurudi, mdomo wa kumpokea, na watoto wa kuwacheka nyote wawili uzeeni. Amina. Chai imeiva, mimina na ya babu yako, mwambie aamke. Halafu kaa pale penye kivuli umwandikie mwenzio, na utakachoandika usije kunionyesha mie. Hicho hakina nakala.