Pua ya Bomba la Habib

Ukimkuta Habib uani kwake, Magogoni, ameketi kigodani na karai la maji ya sabuni mbele yake, utadhani aogesha mtoto. Kumbe ni bomba lake la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni. Hulifungua mpira, akatoa kichungi, kisha akafungua pua. Pua ndilo jina la ile ncha ya shaba inayotoa dawa kama manyunyu. Akaisugua kwa mswaki mkuukuu, kwa upole, asiitanue tundu lake. Na ole wako akuone umeitia mdomoni kuizibua kwa pumzi!

Alikuwa na sababu. Sisi huita vyote dawa, lakini dawa ya wadudu huponya mchicha, na dawa ya magugu huua kila chenye jani. Bomba la Habib ni moja, leo lafanya kazi ile na kesho hii. Tone la dawa ya magugu likisalia ndani, mchicha wa mtu hujikunja kama mgonjwa wa tumbo, na mpiga dawa haitwi tena. Kwa hiyo hata maji yakitoka meupe, Habib hakutosheka. Sharti afungue kifuniko anuse, na ikibaki harufu, arudie upya.

Mkewe, Barke, akimpendea usafi huo. Lakini siku hizo alikuwa na donge moyoni. Tangu Habib alipoinuka kwenye mafua mabaya yaliyomlaza baada ya Ramadhani, alikuwa hasemi neno juu ya vikuba vyake vya maua. Mume ambaye zamani, Barke akipachika asumini na rihani kifuani, humwambia, "Leo bustani imehamia ndani," sasa apita kama apitaye kando ya mlango. Siku moja wali uliungua hadi majirani wakauliza kulikoni. Habib akala, akasema alhamdulillahi. Barke akajiambia: nimechujuka. Akanyamaza, maana si mwanamke wa kuomba kusifiwa.

Basi siku hiyo Habib alirudi kutoka Shanzu, alikokwenda kuua magugu kwenye njia za nyumba moja ya wageni. Hajaanza kuosha, akabisha Nyevu, jirani yao mwenye matuta ya mchicha nyuma ya msikiti.

"Shikamoo, mzee Habib. Mchicha wangu wadudu wameutoboa, umekuwa chekecheke. Ukikosa kuja kesho, sina cha kuchuma msimu huu."

"Marahaba. Nitakuja inshallah, jua halijapanda."

Nyevu akaenda zake. Habib akaosha, akafungua kifuniko, akanusa, akafunga.

"Limetakata," akasema.

Barke alikuwa mlangoni pa jikoni, na harufu ya dawa ya magugu ikamfikia pale pale aliposimama.

"Baba Safa, hilo lanuka."

"Lanuka nini? Si nimelinusa mimi?"

"Linuse tena."

Akanusa, kwa muda mrefu. "Hamna kitu," akasema, lakini hakumtazama.

Barke akachomoa kikuba kifuani, akamwekea puani. "Na hiki?"

Habib akakishika kile kikuba, akakigeuzageuza kiganjani kama kitu cha ugeni.

"Tangu lini?" Barke akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu yale mafua."

"Na hukunambia!"

"Ningekwambia nini? Mpiga dawa asiye na pua, nani atamwita? Kila nikiamka nasema leo itarudi."

"Nami nimekaa navaa vikuba, nadhani sina thamani tena kwako!"

"Wallahi, Barke, nilikuwa nikikuona umependeza, nataka kusema. Nikahofu nitasifu asumini kumbe umevaa kilua, niumbuke."

Barke akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Pua ya bomba waisugua kila siku, yako umeiacha wapi?"

Habib hakucheka. "Nitamwambia Nyevu atafute mtu mwingine."

"Lioshe. Nitanusa mimi."

"Wewe, mke wangu, unuse bomba?"

"Miaka yote nakunusa wewe ukirudi na dawa nguoni. Hilo bomba litanishinda?"

Akaosha tena. Barke hakuinamia tundu. Alipepea hewa kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Bado. Iko mpirani." Habib akajaza maji ya sabuni, akapampu hadi yakatokea puani, kisha maji matupu. "Bado kidogo." Maji yote yale akayamwaga kwenye nyasi kavu za uani, mbali na kisima. Mara ya mwisho Barke akapepea, akatulia, akasema, "Sasa ni maji."

"Kesho twende sote," Habib akasema, akijipangusa mikono.

Asubuhi Nyevu aliwangoja matutani. Akauliza kama aulizavyo kila mwenye shamba, "Limetakata, mzee?"

Habib angeweza kuitikia tu, yakaisha.

"Mimi pua yangu haifanyi kazi, Nyevu. Bi Barke ndiye aliyelinusa. Kama moyo wako hautaki, sitakulaumu."

Nyevu akamgeukia Barke. "Nawe wasemaje?"

"Limetakata."

"Haya, piga basi! Huyu mkeo nikimpelekea mchicha uliolala, hajauona machoni ashaurudisha kwa harufu tu. Nitamkataa yeye nimsadiki nani?"

Habib akainama, Barke akamkaza mkanda begani, akamfunga kitambaa puani na mdomoni, kisha akaenda kusimama upande utokako upepo. Habib akaingia kwenye tuta la kwanza, akaanza kupampu. Kila akifika mwisho wa tuta na kugeuka, aliinua macho kumtazama yeye.