Nukta Nne Kwenye Jezi ya Kijani

Mtu akimwuliza Lambert kazi yake, alijibu kuwa yeye ni fundi wa kutarizi. Mkewe Angélique alikuwa na jibu jingine: mume wangu ni mgonjwa wa jezi. Na laiti zingekuwa jezi za kandanda, ambazo mji mzima wa Johannesburg ungezielewa! La, zilikuwa jezi kuukuu za mpira wa magongo, zile za pamba nzito zenye kola, na katika hizo Lambert alijali kipande kimoja tu kisichozidi kiganja cha mkono, yaani nembo iliyotariziwa kifuani. Nyumba yao ya vyumba viwili pale Bertrams ilikuwa na kabati moja la nguo, na kabati hilo lilikuwa la jezi. Magauni ya Angélique na ya binti yao Gaëlle yalining'inia nyuma ya mlango.

Ugonjwa ulianzia kazini. Shule moja ilimletea jezi za wasichana wake azishonee nembo mpya kwa kufuata ile ya zamani. Lambert akaigeuza ile ya zamani, akaona nyuma yake uzi umepita kwa mkono wa mtu mvumilivu, mtu aliyekufa zamani labda, na akamhusudu. Tangu siku hiyo, kila Jumanne asubuhi alishuka Dunusa, kule nguo zinakomwagwa barabarani na wanunuzi wakainama kuzichambua, akarudi na jezi mbili tatu. Alizifua, akaandika kwenye daftari rangi ya uzi na aina ya mshono, kisha akaenda maktaba kufukua vitabu vya michezo vya miaka hiyo. Aliwaandikia barua makatibu wa vilabu, na wengine walimjibu. Kufikia mwaka 2017 alikuwa na nembo thelathini na tano, na thelathini na nne kati ya hizo alizijua kwa jina, mwaka na uwanja.

Ya thelathini na tano ilimnyima raha. Ilikuwa kwenye jezi ya kijani aliyoinunua miaka miwili nyuma: magongo mawili yamepishana, juu yake ndege mnene mwenye kitu cheupe mdomoni, na chini herufi nne, kila moja na nukta yake. T.U.P.O.

Sheria ya kwanza ya Lambert ilikuwa kugeuza. Mbele ya nembo unaona kilabu kilitaka kuonekanaje, alipenda kusema, lakini nyuma unamwona aliyeshona. Sasa nembo hii ilikuwa imezibwa kwa nyuma na kitambaa cha pamba kilichofifia, kikashonwa pande zote kama gunia la mchele. Kukifumua kungeharibu kitu cha kale. Basi kwa heshima tu, Lambert akavunja sheria yake mwenyewe na kuusoma upande wa mbele peke yake.

Na akasoma vizuri mno! Herufi zenye nukta ni vifupisho. Ndege mwenye kitu cheupe cha pembe nne mdomoni ni njiwa aliyebeba barua. Kwa hiyo T.U.P.O. ni Transvaal United Post Office, timu ya watu wa posta wa jimbo la zamani la Transvaal. Kweli, jezi yenyewe ilikuwa imebanwa kiunoni kama ya mwanamke, lakini Lambert alijiambia kwamba watu wa zamani walikuwa wembamba.

Akampelekea habari mzee Nicodemus, tarishi mstaafu wa posta ya Troyeville na mwenyekiti wa wenzake waliostaafu. Mara ya kwanza mzee alisema hajapata kuisikia timu hiyo. Baada ya wiki alikumbuka kidogo. Baada ya mwezi alikumbuka goli alilofunga yeye mwenyewe, kutoka kushoto, mvua ikinyesha.

Ikapangwa kuwa Jumapili ya Siku ya Urithi, baada ya ibada, wakazi walete vitu vyao vya zamani kwenye ukumbi wa kanisa. Lambert angetarizi nembo hiyo kwa ukubwa wa meza, itundikwe ukutani, na mzee Nicodemus angemtambulisha mbele ya watu kama mtafiti. Mtafiti! Kwa miaka kumi na moja katika mji huu aliitwa yule Mkongomani wa cherehani. Alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote, na hakuona haya kulitaka.

Ijumaa mchana, nembo kubwa ikiwa imetandazwa mezani imekamilika, alifika Mama Seif na pazia begani. Jina lake Kudra, mzaliwa wa Morogoro, aliyekuja mwaka 1992 na mumewe Msauzi aliporejea kutoka uhamishoni.

"Hodi, Baba Gaëlle! Pazia hili limekuwa refu kuliko ukuta, nipunguzie."

Kisha akaiona nembo. Pazia likamtoka begani. Akaitazama, akaziba mdomo, halafu akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya vitambaa.

"Jamani! Tupo!"

Lambert akachungulia mlangoni amwone huyo mwenzake. "Mama Seif, uko na nani?"

"Niko na nani vipi? Soma hapo. Tupo!"

"Ile haiko neno, mama. Ni maherufi. Te, u, pe, o. Minatafuta myaka mbili! Ni kilabu ya posta."

"Posta? Baba Gaëlle, wewe ni mtu wa Lubumbashi, nyumbani kwenu mnasemaje mkiwa mahali?"

"Tunasema tuko," alijibu Lambert, na neno lilipomtoka tu, masikio yake yakaanza kupata moto.

Kudra akafuta machozi ya kicheko na kumweleza. Mwaka 1993 walikuwa wanawake kumi na mmoja kutoka Tanzania, waume zao kutwa mikutanoni, na wao hawamjui mtu hata wa kumwomba chumvi. Mwalimu mmoja mstaafu akawapa magongo ya zamani na kuwafundisha kucheza kwenye uwanja wa jirani kila Jumamosi. Kudra ndiye aliyekuwa nahodha. Kabla ya mchezo aliita, "Mpo?" na wote wakajibu, "Tupo!" Hata siku waliyofika wanne tu, walijibu hivyo hivyo. Jezi yake iliibwa kwenye kamba ya kuanikia mwaka 1996.

"Sasa nukta je?" Lambert hakukubali kirahisi.

"Nukta gani? Hayo mafundo! Aliyetarizi ni Emiliana, na Emiliana kabla ya hapo alishona vifungo tu. Hakujua kwamba fundo linafichwa nyuma."

"Na njiwa?"

"Njiwa! Huyo ni kanga. Walijaa pale uwanjani, tunacheza huku tunawafukuza."

"Na barua yenye eko nayo mdomoni?"

"Ni mpira. Ulimshinda kuuviringisha."

Lambert akaitoa jezi ya kijani kabatini, akachukua wembe, akafumua kile kitambaa cha nyuma. Ndani, upande ambao jua halikuufikia, kitambaa kilikuwa kipande cha kanga ya kuvaa, nyekundu na nyeusi, mbichi kana kwamba imetoka dukani juzi. Na nyuma ya herufi hapakuwa na fundo hata moja. Yote manne yalikuwa mbele, yakimtazama kwa miaka miwili.

Aliona aibu, tena aibu ya kitaalamu, ambayo ni mbaya kuliko nyingine. Akawaza Jumapili, akawaza lile neno mtafiti.

"Mama Seif," akasema polepole, "mzee Nicodemus tayari amekumbuka goli. Labda tuache hivi hivi, kwanza?"

Kudra hakucheka tena. "Seif mwanangu mwenyewe haamini kama mama yake alishika gongo akakimbia uwanjani. Picha hatuna. Wenzangu wawili tumewazika hapa hapa, wengine wamerudi nyumbani, tumebaki mimi na Emiliana. Kitu kilichobaki ni hicho. Wewe ukisimama useme ni cha posta, basi sisi hatukuwepo."

Akaliacha pazia, akaenda zake.

Jumamosi yote Lambert alifumua. Mabawa ya njiwa aliyafupisha na kutia madoadoa meupe mpaka akawa kanga kamili. Mpira aliuacha na pembe zake nne, kwa kuwa ndivyo Emiliana alivyoushona. Mwisho akaziondoa nukta zake nne nzuri za mviringo, na kwa mara ya kwanza tangu ashike sindano akafunga mafundo mbele, mabaya, ya wazi. Angélique alipita, akatazama, akamwuliza kama anaumwa.

"Niko nasahihisha," akasema Lambert.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mzee Nicodemus, amevaa tai, akamtambulisha: mtafiti wetu. Makofi. Lambert akasimama mbele ya nembo yake na kusema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba mtafiti amekosea. Akaeleza yote: nukta ambazo ni mafundo, njiwa ambaye ni kanga, na neno ambalo yeye, msema Kiswahili tangu tumboni, alishindwa kulisoma kwa sababu kwao hulisema kwa herufi nyingine.

Halafu mzee Nicodemus akauliza, "Na goli langu?"

"Mzee, goli ni lako. Jezi ndiyo si yako."

"Eish. Basi siku ile nilivaa nyingine."

Ukumbi ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho Kudra akapita mbele. Alikuwa ameivaa ile jezi ya kijani, ambayo Lambert alimrudishia asubuhi hiyo, imemkataa tumboni na yeye hajali, ameshikana mkono na Emiliana aliyekuwa akiona haya kwa ajili ya mpira wake wa pembe nne. Kudra akageuka, akajaza kifua.

"Mpo?"

"Tupo," alijibu Emiliana, peke yake, sauti nyembamba. Ilipaswa kuwa sauti kumi. Pengo lile lilimchoma Lambert, na kabla hajafikiri mdomo wake ukamtangulia.

"Tuko!"

"Mkongomani wewe, hata leo?" Kudra alisema, huku anacheka na machozi yanamtoka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. "Mpo?"

Safari hii watu wakaitikia kila mmoja kwa alichokishika, huku tupo, huku tuko, na mzee Nicodemus akiongoza kama mchezaji wa zamani. Lakini sauti iliyozidi zote ilitoka mlangoni. Alikuwa Seif, kijana wa miaka ishirini na saba, ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili humjibu Kizulu. Alikuwa amesimama akimtazama mama yake ndani ya jezi.

"Tupo!" alipaza, neno limepinda kidogo mdomoni mwake.

Kudra akamnyooshea mkono aje mbele.

"Na wewe umo," akamwambia.