Verna na Nyimbo za Hobart

Verna Stidham alizaliwa na sauti ambayo hata mama yake aliiogopa. Tangu utoto wake kule Harlan, milimani Kentucky, akiimba kanisani watu walimsahau mchungaji. Alipokua akaenda Nashville, akaimba muziki wa kantri, jina likavuma. Kisha zikaja sauti mpya, redio zikamwacha. Siku kampuni iliyotoa nyimbo zake ilipomwita arekodi albamu ya mwisho, mezani waliweka nyimbo za vijana, za magari na bia.

Verna akazisukuma kando. "Nataka nyimbo za Hobart Sizemore. Za kwake tupu, mwanzo hadi mwisho."

"Hobart ndiye nani?"

"Ndiye aliyetunga hizo mnazozipiga mluzi humu ndani bila kujua."

Wakacheka. Verna akavaa kofia yake, akarudi Harlan.

Hobart alikuwa mchimba makaa mstaafu. Nyimbo zake alizitungia chini ya ardhi. Wenzake wakazipeleka vilabuni, na wajanja wakazirekodi bila kumtaja. Sasa vumbi la mgodi lilikuwa limemla mapafu. Kuimba hawezi, hata kuongea anaongea kwa vituo. Verna alimkuta barazani, akamweleza nia yake.

"Ziache zife nami, Verna."

"Ukitaka kufa, kufa wewe! Nyimbo zina kosa gani?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mdomo wako haujazeeka hata kidogo."

"Na sauti je?"

"Imba nisikie."

Akaimba pale pale, bila gitaa. Macho yakamlowa Hobart. "Basi tafuta wapiga ala," akasema.

Walirekodi kwa pesa za Verna mwenyewe, katika kanisa la zamani lililoachwa, Hobart kwenye benchi la mbele. Walipofika kwenye wimbo wa harusi, Verna aliuimba polepole, kwa majonzi ya kisanii. Fimbo ya Hobart ikagonga sakafu.

"Simamisheni! Nani kafa hapa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee."

"Mbona mnamzika bibi harusi? Huyo anaolewa, na amempenda mwenyewe!"

Mpiga banjo akakaza mwendo. Verna akavua viatu, akaimba huku miguu ikitwanga mbao, hadi mpiga fidla akasahau zamu yake kwa kucheka. Wakauacha hivyo hivyo, kicheko ndani, ukawa wa kwanza kwenye albamu.

Stesheni ndogo ya redio ya mji jirani wa Hazard ndiyo iliyoanza kuipiga. Ikafuata Knoxville, kisha redio kubwa zote. Kabla ya Krismasi hapakuwa na albamu ya kantri iliyoipita. Ile kampuni ya Nashville ikapiga simu, sauti tamu kama asali. "Samahanini," Verna akajibu, "nina wageni."

Walipoalikwa kwenye ukumbi mkubwa wa Nashville, Verna alikataa kwenda bila Hobart. Katikati ya onyesho akamshika mkono, akampandisha jukwaani. Ukumbi mzima ukasimama, makofi hayana mwisho. Hobart alijaribu kusema, pumzi ikamkatalia. Akamnong'oneza Verna.

"Mzee anashukuru," Verna akatangaza, "na anauliza, huko Harlan kabaki nani wa kulinda nyumba?"

Vicheko na vifijo vikalipuka, maana viti vya mbele vyote vilikuwa vya watu wa kwao. Bendi ikaanzisha wimbo wa wachimbaji wanaotoka shimoni asubuhi. Verna aliimba mstari mmoja tu, akanyamaza, kwa kuwa umati ulikuwa umeshauchukua. Pembeni yake Hobart alisimama wima, midomo ikilitamka kila neno, na watu asiowajua walikuwa wakiuimba wimbo wake, sasa ukiitwa kwa jina lake.